Konzi la Unga: Haki na Hisani Baina ya Ndugu wa Nyumba Moja

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetuumba kutokana na nafsi moja, akatufungamanisha kwa nasaba na kwa ndoa, akaufanya udugu wa tumbo kuwa amana atakayotuuliza Siku ya Kiyama. Tunamshukuru kwa neema zake, tunamwomba msaada na msamaha, na tunajikinga kwake na shari za nafsi zetu. Tunashuhudia kwamba hapana mungu apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao kwa wema.

Ama baada ya hayo. Enyi Waislamu, nawausia nyinyi pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu zangu katika imani, mara nyingi tunapozungumza habari ya ukarimu, fikra zetu huwaendea matajiri: aliyejenga msikiti, aliyechimba kisima, aliyechinja ng'ombe akalisha kijiji. Hao Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini wengi wetu katika mkoa huu wa Singida hatuna ng'ombe wa kuchinja. Tuna uwele na mtama kidogo, alizeti kidogo, kuku wachache wanaoparua uani, na mvua ya msimu mmoja tu kwa mwaka, ambayo ikikawia sote twaijua taabu yake. Basi je, mlango wa ukarimu umefungwa kwetu? Hasha. Leo nataka tuuzungumze ukarimu usiotangazwa msikitini, ule upitao jikoni na uani, baina ya kaka na dada, baina ya mkubwa na mdogo, waliolala chini ya dari moja na kula katika sinia moja.

Katika Qurani tukufu imo sura fupi ambayo watoto wetu wa madrasa huihifadhi mapema, nayo ni Suratul Maaun. Sura hiyo ina aya saba tu. Ndani yake Mwenyezi Mungu anawakemea watu wanaosali hali wameghafilika na sala zao, watu wa kujionyesha, kisha anaihitimisha sura kwa kutaja tabia yao ya kuzuia vitu vidogo vya kusaidiana. Masahaba waliofasiri neno hilo wamevitaja vitu vyenyewe: chungu, ndoo, shoka, na mfano wa hivyo. Tazameni, ndugu zangu, jinsi Mola alivyoitaja sala, iliyo nguzo ya dini, na chungu cha kuazimana, katika sura moja yenye maneno machache. Mwenye akili atafahamu kwamba sala isiyomfundisha mtu kumwazima nduguye jembe na ungo, hapana budi aitazame upya.

Na Bwana Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba sadaka umpayo maskini ni sadaka moja, lakini umpayo jamaa yako huwa ni mbili: ni sadaka na ni kuunga udugu. Aidha ametueleza kwamba muungaji wa udugu wa kweli hawi yule alipaye wema kwa wema. Muungaji ni yule ambaye akikatwa, yeye huunga. Hadithi hii ameipokea Imam Bukhari. Kwa hivyo anayesema, "Nitamtembelea dada yangu atakaponitembelea," huyo anafanya biashara ya kubadilishana, na daraja ya kuunga udugu hajaifikia.

Ndugu Waislamu, sikilizeni habari ya nyumba mbili za Madina. Katika mwaka wa 3 wa Hijra, sawa na mwaka 625, vilipiganwa vita vya Uhud, na Waislamu wapatao sabini waliuawa mashahidi. Miongoni mwao alikuwamo Abdullah bin Amr bin Haram, na alikuwamo Saad bin Rabii. Kila mmoja wao aliacha mabinti. Tutazame yaliyowapata mabinti hao baada ya baba zao kuzikwa.

Abdullah alikuwa na mwana mmoja mwanamume, naye ni Jabir, Mwenyezi Mungu awe radhi naye. Dada zake Jabir walioachwa na baba yao walikuwa saba, na katika riwaya nyingine ni tisa. Jabir alikuwa kijana, na vijana twajua wanavyopenda. Lakini alipooa, alimwoa mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla. Walipokuwa njiani wakirejea safarini, Bwana Mtume alimwuliza kwa upole mbona hakuoa msichana mwari, wakacheza na kufurahiana. Jabir akajibu kwamba baba yake amekufa na kumwachia mabinti, naye akachelea kuwaletea mwenziwao wa rika lao. Akapenda aoe mwanamke mtu mzima atakayewaangalia, awachane nywele na kuwaongoza. Mtume aliposikia hayo alimsifu kwa rai yake na kumwombea baraka.

Fahamuni jambo hili. Kijana huyu hakutoa dirhamu wala dinari. Alichokitoa ni hiari yake mwenyewe, katika jambo ambalo hakuna mtu angeliweza kumlaumu lau angelijifikiria nafsi yake. Na alichowatakia dada zake kilikuwa ni kitu kidogo kabisa machoni pa watu: kuchanwa nywele. Maana aliishi nao, akajua kwamba yatima huonekana kwa nywele zake kabla hajaonekana kwa njaa yake. Katika safari hiyo hiyo Bwana Mtume alimnunua ngamia wake Jabir aliyekuwa amechoka. Walipofika Madina akamlipa thamani yake, kisha akamrudishia na ngamia mwenyewe. Mwenye kuwapa wanyonge wa nyumbani mwake, Mwenyezi Mungu humpa kwa mlango asioutazamia.

Ama nyumba ya pili, ilikuwa ya Saad bin Rabii. Naye aliacha mabinti wawili na mjane. Akaja ndugu yake Saad, ami yao mabinti, akaichukua mali yote wala hakuwaachia kitu, kama ilivyokuwa desturi ya Waarabu kabla ya Uislamu. Mjane akaenda kwa Mtume (S.A.W.) kushtaki kwamba baba yao watoto hawa aliuawa pamoja nawe, na mabinti wasio na mali hawapati wa kuwaoa. Mtume akamwambia kwamba Mwenyezi Mungu atahukumu katika jambo hilo. Ikateremka aya ya mirathi katika Suratun Nisaa. Ndipo Mtume alipomwita yule ami akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, na mama yao thumni, na kitakachobaki kiwe chake. Yaani mali ikigawanywa mafungu 24, mabinti hupata 16, mjane 3, na ami 5. Na aliyetupokelea habari hii ni nani? Ni yule yule Jabir bin Abdullah, aliyeijua haki ya mayatima kwa kuitenda.

Basi hizo ni nyumba mbili, msiba mmoja, siku moja. Katika moja ndugu alitoa alichoweza kukizuia. Katika nyingine ndugu alizuia alichowajibika kukitoa. Kila mmoja wetu na ajiulize: nyumba yangu ni ipi katika hizo?

Enyi Waislamu, ningeweza kuishia hapo nikashuka mimbarini na heshima yangu kamili. Lakini mwenye kuwahubiria watu na kuificha nafsi yake amewakhini, na jambo hili limenipitia mimi mwenyewe. Dada yangu, tuliyechangia baba na mama, alinitangulia kuzaliwa kwa miaka sita. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyenipikia na kunifulia. Nilipokwenda chuoni kuitafuta elimu hii ambayo leo nasimama kwayo mbele yenu, nauli yangu ilitokana na kuku aliowauza mnadani. Baba yetu alifariki mwaka 1995, akatuacha sisi wawili tu, na shamba la ekari sita. Baadaye dada alifiwa na mume, watoto wake wakiwa wamekwisha kuwa na majumba yao, nami nikamchukua nyumbani kwangu. Watu wakanisifu, nami nikazipenda sifa.

Alikuwa na mazoea yake. Kila jioni, kabla ya kusonga ugali, alichota konzi moja la unga akalitia katika kibuyu kilichotundikwa ukutani. Hayo yalikuwa makonzi 30 kwa mwezi, wala hapana aliyelala na njaa nyumbani kwa ajili yake. Unga ule aliwagawia majirani: aliyejifungua, aliyeugua, mtoto aliyetumwa na bakuli tupu.

Ukaja ukame wa mwaka 2005 na 2006, uliolisumbua eneo kubwa la Afrika Mashariki. Kihenge changu kilikuwa kikikaribia mwisho. Jioni moja nilikiona kile kibuyu kimejaa, nikapandwa na ghadhabu, nikamwambia mbele ya wanangu na mbele ya wifi yake: "Huu ni unga wa nani, hata uutoe bila ya idhini yangu?" Akanijibu, "Nimekusikia, mdogo wangu." Hakuongeza neno. Kesho yake kibuyu kilikuwa kimegeuzwa mdomo chini.

Zilipita siku chache. Wakati wa magharibi akaja mtoto wa jirani na bakuli. Dada alikuwa jikoni, nami niko mkekani. Hakumtazama mtoto, alinitazama mimi, akingoja idhini. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilinyamaza. Mtoto akasimama kitambo, kisha akaondoka na bakuli lake.

Siku ya pili nilikuwa nikiwasomesha wanafunzi wangu mlango wa mirathi. Mmoja wao akaniuliza: "Maalim, mtu akifa akaacha mtoto mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, mali yagawanywaje?" Nikamjibu upesi, kama ajibuvyo mtu aliyezoea: "Hugawanywa mafungu matatu. Mwanamume mawili, mwanamke moja." Ulimi ulikuwa haujatulia nilipohisi moyo umeshikwa. Ekari sita. Mafungu matatu. Ekari mbili. Miaka 11 nilikuwa nikililima shamba lote, navuna, nauza alizeti, najaza kihenge, na sikupata kulitaja jambo la kugawa hata siku moja. Unga niliomgombeza kwao ulikuwa na fungu lake ndani yake. Alikuwa akitoa sadaka katika mali yake, nami niliyeishika mali ya mtu ndiye niliyekuwa nikidai kuombwa idhini.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ndiye Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa kurehemu.

HOTUBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye mlango wake wa toba haufungwi kwa mwenye kubisha. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na Masahaba zake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mcheni Mola wenu. Mtapenda kujua yaliyofuata. Niliwaita wazee wawili wa mtaa wetu wawe mashahidi, tukalipima shamba kwa kamba, na dada akachagua ekari zake mbili upande aupendao. Kuhusu mavuno ya miaka iliyopita nilimwomba radhi, akanisamehe. Lakini sikuwa na haki ya kujisamehe mwenyewe kabla hajanisamehe yeye. Ama yule mtoto, tulimpelekea unga nyumbani kwao asubuhi. Lakini jioni ile aliyoondoka na bakuli tupu sikuweza kumrudishia, wala sitaweza. Kibuyu kikarejea ukutani, mdomo juu.

Ndugu Waislamu, nimeyaeleza haya kwa sababu naona ugonjwa huu ni wa wengi, na dawa yake ni kutofautisha mambo mawili tunayoyachanganya, nayo ni haki na hisani. Haki ni kile ambacho mwenzako anacho kwako, akidai au asidai. Hisani ni kile unachomwongeza kwa mapenzi yako. Nyumba ya Kiislamu husimama kwa vyote viwili, lakini hisani hailipi deni la haki. Mtu husema, "Dada yangu anakula kwangu, anavaa kwangu, fungu la urithi analitakia nini?" Mwambieni: kumlisha ni wema, na Mwenyezi Mungu atakulipa, fungu lake ni lake, na Mwenyezi Mungu atakuuliza.

Na wengine husema, "Dada zetu wametusamehe, ndiyo mila yetu." Enyi ndugu, mlipata kuwauliza? Mwanamke akijua kwamba akidai fungu lake atahesabiwa mkorofi, na siku akiachwa na mumewe hatakuwa na pa kurudi, atasema amesamehe, na moyo wake haujasamehe. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mali ya mtu haihalaliki ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Kwa hivyo kwanza gaweni, mmwonyeshe mipaka ya lililo lake, awe nalo mkononi. Baada ya hapo, akipenda kukupa, ni zawadi. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa amewathibitishia wanaume fungu na wanawake fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, hata kama mali yenyewe ni haba. Na sheria ya nchi yetu nayo, yaani Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inamtambua mwanamke kuwa na haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Basi mwenye kumzuilia dada yake ardhi hana pa kujificha, si katika dini wala katika sheria.

Haki ikishatimizwa, ndipo utamu wa hisani unapoonekana. Na hisani ya nyumbani ni vitu vidogo. Ni kumwekea mboga nduguyo aliyekawia shambani, akaikuta imefunikwa. Ni kuteka maji siku isiyo zamu yako. Ni kumnunulia mtoto wa nduguyo daftari bila ya kuombwa. Ni kumtumia nduguyo aliye mbali salamu, na kidogo kwa njia ya simu pasipo kungoja aeleze shida yake. Ni kuanza wewe kusema, "Nimekosa." Na kila utoacho, ndugu yangu, jihadhari na masimbulizi, kwani Mwenyezi Mungu ametuonya katika Suratul Baqara kwamba masimbulizi na udhia huibatilisha sadaka. Konzi la unga lisilosimbuliwa ni bora kuliko gunia linalotajwa kila siku.

Wala msilazimishane namna moja ya kutoa. Imam Bukhari katika kitabu chake Al-Adab Al-Mufrad amepokea kauli ya Abdullah bin Zubair kuhusu mama yake, Asmaa, na mama yake mdogo, Aisha, mabinti wa Abubakar Sidiki. Ameeleza kwamba hakuwaona wanawake wakarimu kuwashinda wao, na ukarimu wao ulikuwa mbalimbali. Aisha alikuwa akikusanya kitu juu ya kitu, hata kikikusanyika akakigawa. Asmaa hakuwa akiweka kitu kwa ajili ya kesho. Walikuwa dada wawili wa baba mmoja, mmoja wa kuweka akiba ya sadaka na mmoja wa kutoa papo hapo, na wote wawili wamesifiwa. Mimi nilidhani kibuyu cha dada yangu ni ufujaji kwa kuwa hakikufanana na desturi yangu. Msiwe kama mimi.

Basi leo mtakaporejea majumbani kwenu, kila mwenye ndugu na amtazame. Aliye na haki ya nduguye mkononi, na aiandike leo, na ashuhudishe. Aliyegombana na nduguye, asingoje msiba uwakutanishe. Na asiye na cha kutoa ila konzi moja la unga, na alitoe konzi hilo.

Ewe Mola wetu, tuunganishie nyoyo zetu, na tupatanishe sisi na ndugu zetu. Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu waliotangulia, na usiwafanye watoto wao kuwa maadui kwa ajili ya walichokiacha. Ewe Mola wetu, tuteremshie mvua yenye manufaa, uibarikie mbegu ardhini na nafaka vihengeni, na uwashibishe wenye njaa kwa mikono yetu. Ewe Mola wetu, utusamehe tuliyoyazuia na hali si yetu, na utukubalie tuliyoyatoa na hali ni yako. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad. Amin.

Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu awarehemu.